Barua ya wazi kwa wakuu wa vyuo vikuu vya umma: mwanafunzi si tarishi wa ofisi zenu

Kwa Makamu Wakuu wa Vyuo, Wasajili, Wakuu wa Vitivo na Idara, Wahasibu Wakuu, na wajumbe wa Seneti na Mabaraza ya vyuo vikuu vikubwa vya umma.

Waheshimiwa,

Tunaowaandikia ni watu tunaofanya kazi chini ya maamuzi yenu: wahadhiri na wasaidizi wao, makarani wa mitihani, watunza mifumo ya kompyuta, washauri wa wanafunzi, na viongozi wa wanafunzi ambao milango yao hugongwa kila matokeo yanapotoka. Hatuandiki kuomba majengo mapya, wala kulalamikia wingi wa wanafunzi. Kupokea wengi ndiyo kazi ya chuo cha umma, na tunataka iendelee. Tunaandika juu ya jambo moja lililo ndani ya uwezo wenu bila kusubiri bajeti ya mwaka ujao. Katika vyuo vyenu, mawasiliano kati ya ofisi na ofisi yamebebeshwa mwanafunzi.

Uhasibu una taarifa ambayo msajili anaihitaji. Idara ina karatasi ambayo kitivo kinaisubiri. Kitivo kimepitisha matokeo ambayo mfumo umeyakataa. Ofisi zote hizi ziko chini ya mwajiri mmoja, pengine kwenye jengo moja, lakini anayepanda na kushuka ngazi na bahasha mkononi ni kijana wa mwaka wa kwanza ambaye hajui hata mlango wa kuanzia. Amefanywa tarishi wa ofisi zisizomwajiri, na ujumbe usipofika adhabu ni yake: anarudia somo, anakosa mahafali, anafutiwa usajili.

Tuanze na alama iliyopotea. Hakuna shida inayoumiza wanafunzi wengi kuliko hii, na hakuna inayoonyesha wazi zaidi jinsi kosa dogo linavyosafiri.

Mwanafunzi anaingia ukumbini, anaandika namba yake kwenye jalada la kijitabu cha majibu, anasaini karatasi ya mahudhurio. Somo lenye watahiniwa 900 hufanyika kwenye kumbi tano au sita kwa saa ileile. Vijitabu hukusanywa, hufungwa mafungu, hupelekwa idarani. Hapo hugawiwa wasahihishaji, mara nyingi kila mmoja na swali lake, kwa hiyo kijitabu kimoja hupita mikononi mwa watu wanne. Alama za maswali hujumlishwa kwenye jalada, huhamishiwa kwenye jedwali la kompyuta, huunganishwa na alama za kazi za muhula, hujadiliwa na kikao cha idara, kisha cha kitivo, kisha Seneti, kikao cha juu cha taaluma chuoni, ndipo zinapakiwa kwenye mfumo na mwanafunzi anaziona. Au anaona nafasi tupu.

Kila hatua ina kosa lake, na makosa hayo yanajulikana.

Ukumbini, kosa kubwa ni kuhesabu vijitabu baadaye. Msimamizi anakusanya, anafunga, anakwenda zake, na hesabu inafanyika idarani kesho yake. Kikionekana kimoja kimepungua, hakuna anayeweza kusema kilipungulia wapi. Hesabu sahihi hufanyika watahiniwa wakiwa bado wamekaa: idadi ya saini na idadi ya vijitabu lazima zilingane kabla mlango haujafunguliwa, na wasimamizi wawili wasaini hesabu hiyo juu ya fungu. Ni dakika kumi kwa ukumbi wa watu 150.

Kosa la pili ni namba yenyewe. Namba ya usajili yenye tarakimu nyingi, iliyoandikwa kwa haraka na mtu mwenye hofu ya mtihani, kisha ikasomwa na karani aliyechoka, hukosewa. Mara nyingi tarakimu mbili zinazofuatana hubadilishana nafasi, 4537 ikawa 4357, na alama ikaenda kwa mtu mwingine au ikakosa mwenyewe. Dawa yake ni ya zamani na haigharimu kitu: tarakimu ya ukaguzi mwishoni mwa namba, inayokokotolewa kutokana na zile zilizotangulia. Njia ya Hans Peter Luhn, mtaalamu wa kampuni ya kompyuta ya IBM aliyepewa hataza yake mwaka 1960, ndiyo inayolinda namba za kadi za benki hadi leo. Hunasa kila kosa la tarakimu moja, na hunasa kila mbadilishano wa tarakimu jirani isipokuwa 09 kuwa 90 na kinyume chake. Chuo kinachotoa namba mpya kwa maelfu ya wanafunzi kila mwaka bila tarakimu hiyo kinakaribisha makosa ambayo kompyuta ingeyakataa papo hapo.

Kosa la tatu liko kwenye jedwali la kompyuta, na hapa tunaomba mtusikilize kwa makini kwa sababu wengi wenu hamlioni. Majedwali ya kawaida hayakutengenezwa kutunza namba za usajili. Namba inayoanza na sifuri hupoteza sifuri hiyo, kwa sababu programu inaiona kama idadi. Namba yenye mkwaju katikati, mfano 03/12, inaweza kugeuzwa tarehe bila kumuuliza mtu. Siku ya kuunganisha alama za mtihani na za kazi za muhula, namba iliyoharibika haipati mwenzake, na mstari mzima unaachwa. Ya hatari kuliko zote ni kupanga majina kwa alfabeti huku umechagua safu ya majina peke yake: majina yanahama, alama zinabaki pale pale. Darasa zima limepewa alama za watu wengine, na kwa kuwa hakuna nafasi tupu, hakuna anayeshtuka. Atakayelalamika ni aliyeshuka. Aliyepanda atanyamaza, au hatajua.

Halafu kuna pengo na sifuri. Nafasi tupu maana yake hatujui. Sifuri maana yake alifanya akakosa vyote. Hizi ni habari mbili zisizofanana kabisa, lakini kwenye kanuni nyingi za kujumlisha, pengo husomwa kama sifuri. Mwanafunzi ambaye zoezi lake moja halikuingizwa anaonekana amefeli somo, anapangiwa sapu, yaani mtihani wa marudio, na akiuliza anaambiwa mfumo umeshakokotoa. Mfumo ulikokotoa pengo. Jedwali lolote la alama linapaswa kukataa kufungwa likiwa na nafasi tupu. Kila nafasi iwe na alama au iwe na sababu iliyoandikwa: hakufanya, aliahirisha kwa ruhusa, kijitabu kinatafutwa, hayumo kwenye orodha ya usajili.

Hiyo sababu ya mwisho ndiyo inayofungua mlango wa hatua ya mwisho. Mfumo hupokea alama za wale tu waliosajiliwa kwenye somo. Mwanafunzi aliyehudhuria muhula mzima, akafanya mazoezi yote na mtihani, lakini usajili wake haukukamilika kwa wakati, alama zake hukataliwa wakati wa kupakia. Mfumo hutoa ripoti ya zilizokataliwa. Ripoti hiyo inabaki kwa fundi aliyebonyeza kitufe, ambaye si mtu wa taaluma, hawajui wanafunzi hao na wala hakuagizwa kuipeleka popote. Kwa mhadhiri, alama zimepelekwa. Kwa msajili, hazipo. Wote wawili wanasema kweli, na mwanafunzi anarushwa kati yao kwa miezi.

Msije mkadhani tunazungumzia watu wachache. Tuchukue chuo chenye wanafunzi 40,000, kila mmoja akipata matokeo ya masomo 10 kwa mwaka. Hizo ni alama 400,000. Tuseme zinapita hatua tano, na kila hatua inafanya kazi yake vizuri kwa asilimia 99.5, kiwango ambacho ofisi nyingi zingejivunia. Zikizidishwa pamoja, alama zinazofika salama ni karibu asilimia 97.5. Zinazobaki ni takribani 9,900 kila mwaka. Na kwa mwanafunzi wa shahada ya miaka mitatu mwenye alama 30, makosa yakitawanyika kwa bahati tu, uwezekano wa kumaliza bila kupotelewa na hata moja ni asilimia 47. Maana yake zaidi ya nusu ya wahitimu watakuwa wamepitia adha hii walau mara moja, ndani ya chuo ambacho kila ofisi yake inaamini inafanya kazi vizuri. Ndiyo maana malalamiko ya wanafunzi mnayaona mengi kuliko makosa mnayoyaona kwenye ripoti za idara. Kila idara inaona nusu asilimia yake.

Sasa tazameni kinachofuata. Mwanafunzi anaambiwa aandike barua kwa mkuu wa idara kupitia kwa mhadhiri. Mhadhiri yuko likizo, au alikuwa wa muda na mkataba wake umekwisha. Akipatikana, anatafuta nakala yake ya alama, anaandika kwa mkono, anasaini. Mkuu wa idara anasaini. Barua inapelekwa kitivoni na mwanafunzi mwenyewe, inapigwa muhuri wa kupokelewa, inasubiri kikao. Baada ya kikao inapaswa kwenda kwa msajili, na hapo ndipo nyingi hupotea tena, kwa sababu hakuna namba ya kumbukumbu inayofuata barua kutoka ofisi hadi ofisi. Kila ofisi ina daftari lake. Mwanafunzi akirudi baada ya wiki tatu anaulizwa: una nakala? Asiye na nakala anaanza upya.

Na ushahidi uko kwa nani? Kijitabu kiko kwenu. Karatasi ya mahudhurio iko kwenu. Jedwali liko kwenu. Mwanafunzi hana kitu hata kimoja, lakini ndiye anayetakiwa kuthibitisha kwamba alifanya mtihani. Tunaomba jalada la kijitabu liwe na kipande cha kukatwa chenye namba ya mfululizo inayofanana na ya kijitabu, kikisainiwa na msimamizi na kubaki kwa mtahiniwa. Tunaomba pia muda wa kutunza vijitabu uzidi muda wa kukata rufaa, na uhesabiwe tangu siku matokeo yalipotangazwa, si siku mtihani ulipofanyika. Palipo na ucheleweshaji wa matokeo, tofauti ya hizo tarehe mbili inatosha kuteketeza ushahidi wote kwa mujibu wa kanuni.

Kuna jambo zito zaidi, na hatutalizunguka. Alama inayotegemea hisani ya mtu mmoja kuitafuta au kutoitafuta ni silaha mkononi mwa mtu huyo. Wengi hawaitumii vibaya. Wapo wanaoitumia, wakataka pesa, wakataka mwili. Semina za maadili ni nzuri, ila hazifungi mlango huu. Unafungwa pale ambapo malalamiko ya alama hayapokelewi na aliyesahihisha, yanapopewa namba na tarehe ya mwisho ya kujibiwa, ambapo kijitabu kinatafutwa na watu wawili wasiohusika na somo hilo, na ambapo badiliko lolote la alama baada ya kikao cha idara linaacha jina la aliyebadilisha, saa, na sababu. Mwanafunzi hapaswi kabisa kuwa na haja ya kwenda ofisini kwa mtu peke yake kufuatilia alama yake. Haja hiyo ikiondoka, kisingizio kinaondoka nayo.

Turudi kwenye usajili, kwa kuwa alama nyingi zilizopotea zilianza kupotelea huko, miezi minne kabla ya mtihani.

Utaratibu wa kawaida ni huu: lipa ada, malipo yaonekane, mfumo ufunguke, chagua masomo, idara iidhinishe, orodha ifungwe. Mwanafunzi akilipa siku ya mwisho, benki humpa stakabadhi leo, lakini malipo huonekana kwenye hesabu za chuo baada ya siku kadhaa, na kama aliandika namba ya kumbukumbu vibaya yanakaa kwenye fungu la malipo yasiyojulikana mpaka mtu ayachambue kwa mkono. Wakati huo orodha imefungwa. Mwanafunzi ana stakabadhi halali, chuo kina pesa yake, na mfumo unasema hajasajiliwa. Hatua inayokosekana ni ndogo: tarehe ya kufunga orodha iwe siku saba za kazi baada ya tarehe ya mwisho ya kulipa, na ndani ya siku hizo uhasibu upewe jukumu la kumaliza fungu la malipo yasiyojulikana, kwa jina la mtu anayewajibika.

Wapo pia wanaozuiwa kwa deni dogo mno, faini ya kitabu cha maktaba au tozo ya mwaka uliopita ambayo hawakujua ipo. Deni hilo linafunga mlango uleule unaofungwa na ada nzima. Chuo Kikuu cha Georgia State, chuo kikubwa cha umma mjini Atlanta, Marekani, kilianza mwaka 2011 kutoa ruzuku ndogo kwa wanafunzi wanaoendelea vizuri na masomo lakini wako mbioni kufutiwa usajili kwa salio ambalo halijalipwa. Tunachotaka mkione hapo si ukarimu. Mwanafunzi hakuhitaji kuomba: chuo kilipitia orodha yake chenyewe, kikaona ni nani yuko ukingoni, kikamtafuta. Taarifa hiyo mnayo pia. Mnajua leo hii ni wanafunzi wangapi wa mwaka wa mwisho watafungiwa kwa deni lisilofikia hata ada ya somo moja. Hakuna aliyeagizwa kuitazama orodha hiyo kabla ya kubonyeza kitufe.

Kwa wenye madeni makubwa hatuombi yafutwe. Tunaomba adhabu ya deni isiguse kumbukumbu ya taaluma. Zuieni cheti kama sheria inawaruhusu, lakini aliyekaa darasani na kufanya mtihani awe na alama yake mahali fulani ndani ya mfumo, imefichwa ikibidi, ili siku akilipa ionekane. Alama iliyokataliwa haihifadhiwi popote. Baada ya miaka miwili haitafutiki tena.

Foleni. Tunajua mnaziona na mnadhani dawa ni madirisha zaidi. Hesabu inasema vingine. Wanafunzi 40,000 wakihudumiwa dakika sita kila mmoja ni saa 4,000 za kazi. Madirisha 20 yanayofanya kazi saa sita kwa siku yanatoa saa 120. Mnahitaji siku 33 za kazi, na kipindi cha usajili kina siku 10. Hata makarani wawe hodari namna gani, foleni lazima imwagikie kwenye mwezi wa kwanza wa masomo, na wanafunzi wataukosa mhadhara ili wasipoteze nafasi kwenye mstari. Sasa wapunguzeni wanaolazimika kufika dirishani. Ikiwa wanne kati ya watano wanamaliza kila kitu bila kumwona karani, waliobaki ni 8,000, saa 800, chini ya siku saba. Njia ya kuwapunguza ni kukaa siku moja na makarani na kuandika kila aliyefika alifuata nini. Mtakuta sehemu kubwa walifuata muhuri juu ya jambo ambalo mfumo tayari unalijua.

Na yale madirisha yanayobaki msiyajaze mpaka juu. Tangu mhandisi wa Denmark Agner Krarup Erlang achapishe kazi yake juu ya simu mwaka 1909, tabia ya foleni imekuwa hesabu inayofundishwa vyuoni mwenu wenyewe. Dirisha moja ambalo watu hulifikia bila mpangilio na shida zao ni za urefu tofauti, likiwa na kazi kwa asilimia 80 ya muda wake, litakuwa na wastani wa watu wanne. Kwa asilimia 90 ni tisa. Kwa asilimia 95 ni 19. Mkuu anayefurahi kwamba karani hapumziki hata dakika ndiye anayetengeneza mstari unaozunguka jengo. Mstari mmoja unaolisha madirisha yote pia ni bora kuliko mstari kwa kila dirisha, kwa sababu mtu mmoja mwenye shida ndefu hawazuii wote walio nyuma yake.

Ratiba tutaipita haraka. Mwanafunzi wa masomo sita ana jozi 15 za masomo ambazo hazipaswi kugongana. Ratiba ikitungwa na kila kitivo peke yake, wanaoumia ni wanaochanganya vitivo viwili, hasa wanaosomea ualimu. Itungwe kutokana na jozi halisi za usajili wa mwaka uliopita, itoke kabla ya usajili kufunguliwa, na mabadiliko ya ukumbi yatangazwe kwenye akaunti ya kila mwanafunzi. Leo hii yanapitia kundi la WhatsApp la mwakilishi wa darasa, na aliyechelewa kujiunga, au asiye na simu ya kisasa, hukuta ukumbi mtupu. Mwakilishi wa darasa ni mwanafunzi pia. Hakuajiriwa kuwa ofisi ya matangazo.

Darasani kuna mengi, ila kwa barua hii tunataka moja: mwanafunzi ajue hali yake mapema. Mwaka 2014 mtafiti wa Marekani Scott Freeman na wenzake walichapisha uchambuzi wa tafiti 225 za ufundishaji wa sayansi, uhandisi na hisabati. Kwenye mihadhara ya kawaida waliofeli walikuwa wastani wa asilimia 33.8, kwenye madarasa yanayomlazimisha mwanafunzi kujibu, kujadili na kukokotoa papo hapo, asilimia 21.8. Ukumbi wa watu 600 haukatazi hilo. Swali moja kila dakika 15, dakika mbili za kujadili na jirani, mikono juu, kisha maelezo, linawezekana kama kipaza sauti kinafika nyuma na mhadhiri hakupewa silabasi ya kukimbiza. Zoezi la kwanza lirudi limesahihishwa kabla ya wiki ya sita. Kusahihisha kazi 600 kwa dakika 15 ni saa 150, kwa hiyo msimwachie mtu mmoja halafu mkamlaumu kwa kuchelewa. Mpunguzieni urefu wa zoezi au mwongezeeni wasaidizi, na mwongozo wa alama uandikwe kabla ya kusahihisha kuanza, la sivyo wasaidizi watatu watatoa vipimo vitatu kwa jibu lile lile.

Kundi moja tunaomba mlitazame kwa jicho la pekee. Wanafunzi wenye ulemavu wanaopewa muda wa ziada hufanya mtihani kwenye chumba cha pembeni, na wanamaliza baada ya mafungu mengine kuondoka. Kijitabu chao kinakuwa peke yake, bila fungu, bila karatasi ya mahudhurio ya pamoja, mikononi mwa msimamizi ambaye pengine si wa somo hilo. Kwa mpangilio huo ni rahisi mno kipotee. Chumba cha pembeni kihesabiwe kama ukumbi kamili: fomu yake, saini mbili, na gari linalobeba vijitabu lisiondoke mpaka cha chumba hicho kimefika.

Sasa, nani ayashike haya yote? Kila ofisi tuliyoitaja ina mkuu wake, na kila mkuu atasema kwamba upande wake uko sawa. Kinachokosekana ni mtu mmoja mwenye jina anayeshika shida ya mwanafunzi tangu inapofunguliwa hadi inapofungwa. Mwanafunzi aseme mara moja, apewe namba, na kuanzia hapo ofisi zitafutane zenyewe. Vyuo vya jamii, yaani vya shahada ya miaka miwili, vya Chuo Kikuu cha Jiji la New York vilianzisha mwaka 2007 mpango uitwao ASAP, ambamo mshauri mmoja alibeba wanafunzi kati ya 60 na 80, wakati washauri wa kawaida hapo walibeba mamia. Mpango ulikuwa na mambo mengine pia, msaada wa ada na nauli, mafunzo ya ziada, sharti la kusoma muda wote. Ulipimwa kwa kuwagawa wanafunzi kwa bahati nasibu, wengine ndani ya mpango na wengine nje: baada ya miaka mitatu, waliomo walihitimu asilimia 40, wasiomo 22. Hatudai mshauri kwa kila wanafunzi 80 kesho asubuhi. Tunasema aanze na wa mwaka wa kwanza na wa mwaka wa mwisho, kwa sababu hapo ndipo makosa ya usajili huzaliwa na ndipo makosa ya alama hugunduliwa. Na ukaguzi wa masomo ya kuhitimu ufanyike mwaka mmoja kabla ya mahafali. Aliyekosa somo moja la lazima akijua mapema, analisajili. Akijua wiki ya kukodi joho, amepoteza mwaka.

Tunachoomba kwa muhula ujao, kabla ya mageuzi yoyote makubwa, ni haya. Seneti iagize kwamba hakuna matokeo ya somo yatakayojadiliwa bila karatasi moja ya hesabu nne mbele ya kikao: waliosajiliwa, waliosaini, vijitabu vilivyohesabiwa, alama zilizoingizwa, na sababu iliyoandikwa kwa kila tofauti. Fundi wa mfumo akabidhi ripoti ya alama zilizokataliwa kwa msajili ndani ya saa 24, kwa maandishi, na msajili awaite wahusika kabla matokeo hayajatangazwa. Malalamiko yote ya alama yapokelewe mahali pamoja, yapewe namba, yajibiwe ndani ya siku 14, na ofisi itakayoshindwa kupata kijitabu ichukuliwe kuwa ndiyo iliyokosea, mwanafunzi akiwa ana kipande chake cha jalada. Na mwisho wa kila muhula mtangaze, kitivo kwa kitivo, malalamiko yaliyopokelewa, yaliyofungwa ndani ya muda, na yaliyobaki wazi.

Fomu ya hesabu nne tunaweza kuichora na kuijaribu kwenye masomo makubwa ya mwaka wa kwanza katika mitihani ijayo, tukipata barua ya ruhusa kutoka kwa Msajili wiki nne kabla ya mitihani kuanza. Fomu za ukumbini huchapwa mapema, na ikibaki chini ya wiki nne zile za zamani zinakuwa zimeshasambazwa.

Wenu katika kazi,

Wahadhiri, makarani wa mitihani, watunza mifumo, washauri na viongozi wa wanafunzi